Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu Marekani: askari wetu na karatasi zao

Waheshimiwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya za Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Waganda mlioko Marekani. Mashehe, wachungaji na mapadri. Akina mama mnaoshika hazina za vikundi: salaam.

Tunawaandikia kuhusu vijana wenu waliovaa magwanda ya jeshi la Marekani. Kila mwaka ikifika tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani, mnawaita mbele ya ukumbi, wanapigiwa makofi na vigelegele, picha zinapigwa, pilau linaliwa, watu wanatawanyika. Hatuna ugomvi na pilau. Ugomvi wetu unaanza wiki inayofuata, pale kijana yuleyule anapokuja na barua kutoka Idara ya Maveterani, VA kama tunavyoiita sote, iliyokataa madai ya goti lake, na katika jumuiya nzima hapatikani mtu anayejua barua ile inajibiwaje. Muda wa kuijibu ni mwaka mmoja. Mwaka huo huisha haraka kwa mtu anayefanya zamu ya usiku.

Sisi ni wajazaji fomu wa kujitolea, kazi isiyo na makofi. Tunachoomba ni kitu kimoja: kila jumuiya iwe na meza ya karatasi za askari, yenye chumba, kabati, siku maalumu na watu waliofundishwa. Kabla ya kueleza meza hiyo inafanyaje kazi, tuwapeleke kwa Wachina wa Marekani, kwa sababu wametutangulia karibu karne nzima, na makosa waliyoyalipia kwa bei kubwa ndiyo hayohayo tunayoyafanya sasa.

Mtazameni Meja Kurt Chew-Een Lee. Alizaliwa San Francisco mwaka 1926, wazazi wahamiaji kutoka China, akakulia Sacramento. Mwaka 1944, akiwa mwanafunzi wa uhandisi, alijiunga na Marine. Alitaka vita, wakambakiza San Diego kufundisha Kijapani. Mwaka 1946 akapewa cheo cha uluteni, akawa afisa wa kwanza mwenye asili ya Asia katika jeshi la kudumu la Marine. Vita ya Korea ilipoanza alikuwa akiongoza platuni ya bunduki za rashasha katika Kampuni B, Batalioni ya 1, Rejimenti ya 7. Wapo waliojiuliza kama Mchina atawapiga risasi Wachina wenzake.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1950, kwenye korongo la Sudong, walipata jibu. Adui alikuwa amejificha gizani na hakuna aliyejua bunduki zake ziko wapi. Lee alitoka peke yake mbele ya mstari, akafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono kutoka sehemu mbalimbali ili wamjibu na kwa kujibu wajifichue. Alipokaribia akawapigia kelele kwa Kichina, wakasita, na kusita kule kukatosha. Aliumia goti, na muda si mrefu risasi ikampata mkono. Akiwa bado hajapona alitoroka hospitali ya jeshi pamoja na sajenti mmoja, wakachukua gari na kurudi kikosini. Mwanzoni mwa Desemba, kwenye Bwawa la Chosin, baridi ikiwa kama nyuzi 29 chini ya sifuri, mkono ukiwa umefungwa, aliongoza mbele ya msafara wa wanajeshi wapatao 500 usiku kwenye theluji, kwa dira tu, kwenda kuiokoa Kampuni Fox iliyozingirwa juu ya Njia ya Toktong. Wakafika. Alipata nishani ya Navy Cross kwa Sudong na ya Silver Star kwa Chosin. Baadaye alikwenda Vietnam kama afisa wa upelelezi, akastaafu 1968, akafanya kazi ya bima, kisha miaka kama ishirini katika chama cha kitaifa cha ushirika wa umeme wa vijijini. Alifariki 2014 akiwa na miaka 88. Ndugu zake wawili nao walikuwa Jeshi la Nchi Kavu, na mmoja wao, Chew-Mon, alipata Distinguished Service Cross hukohuko Korea.

Ushujaa huu tunaujua leo kwa sababu uliandikwa na karatasi zikabaki. Hati ya Navy Cross inamtaja kama Chew-Een Lee, bila Kurt. Anayetafuta kwa jina alilozoea kuitwa anaweza kuikosa hati ya mtu huyohuyo. Na alikuwa na bahati nyingine: Marine.

Maana tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za wanajeshi pale Overland, nje kidogo ya St. Louis, lilishika moto. Ghorofa ya juu ilikuwa haina vinyunyizio vya maji. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Hayakuwa na nakala, wala hayakuwa yamepigwa picha kwenye filamu. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, yalikwenda asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka jeshini kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960. Kwa Jeshi la Anga, asilimia 75 ya waliotoka kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, ambao majina yao yako baada ya Hubbard, James E. katika mpangilio wa alfabeti. Mafaili ya Navy na Marine hayakuguswa. Mtu kapigana vita nzima, na kumbukumbu yake ikaamuliwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo.

Kwa Wachina msiba huu ulikuwa na mkia. Sheria ya 1882 iliwazuia kuingia nchini mpaka ilipofutwa Desemba 1943, na hata ilipofutwa walipewa nafasi 105 tu kwa mwaka. Tetemeko na moto wa San Francisco wa 1906 vilikuwa vimeunguza vyeti vya kuzaliwa, basi wengi waliingia kama watoto wa karatasi, yaani watoto wa uongo wa raia, kwa jina la ukoo lililonunuliwa. Baba ni Lee, jeshini ni Wong, kaburini Lee tena. Katika Vita Kuu ya Pili walitumikia wapatao 20,000, na inakadiriwa asilimia 40 kati yao hawakuwa hata raia. Kundi la 14 la Huduma za Anga, lililojaa Wachina wa Marekani, lilitumwa China kuhudumia ndege huku upande wa Burma wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakikata pori la bonde la Kabaw. Vita moja, pembe mbili, na pembe zote mbili familia nyingi zimebaki na picha moja iliyofifia.

Sasa angalieni walichofanya waliporudi, maana hapa ndipo tunapotaka mkae. Tangu 1931 walikuwa na Cathay Post namba 384, tawi la chama cha maveterani cha American Legion, kule San Francisco. Mwaka 1945 New York ikapata Posti 1291, ikachukua jina la Luteni Benjamin Ralph Kimlau, rubani wa ndege za mabomu aliyeuawa vitani. Watu wanaijua kwa lango la mawe lililozinduliwa 1962 pale Chatham Square, ambalo mwaka 2021 jiji lililitangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa. Lakini posti si lango. Posti ni mahali ambapo mjane anakwenda na bahasha, akakuta mtu anayejua iliyomo ndani.

Kazi hiyo ya bahasha ilionekana wazi walipoamua kudai Nishani ya Dhahabu ya Bunge kwa askari wao wote wa Vita Kuu ya Pili. Mswada wa namna hiyo hausogei mpaka theluthi mbili ya wabunge wauunge mkono kwa saini: 290 katika Baraza la Wawakilishi na 67 katika Seneti. Watu wa kujitolea walizipita ofisi moja moja. Sheria ilitiwa saini tarehe 20 Desemba 2018, na nishani ikatolewa kwa hafla ya mtandaoni Desemba 2020. Mmoja wa wenyeviti wenza wa mradi ule alikuwa Meja Jenerali William S. Chen, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Mchina wa kwanza wa Marekani kufikia nyota mbili katika Jeshi la Nchi Kavu, aliyewahi kuongoza Kamandi ya Makombora huko Alabama na kustaafu 1993. Jenerali mzima, miaka ishirini na ushei baada ya kuvua magwanda, anashughulikia orodha za majina ya watu waliokuwa makoplo na wapishi. Huo ndio utumishi wa pili, na kwa maoni yetu ndio mgumu zaidi, kwa sababu haumpandishi mtu cheo.

Nishani ya dhahabu yenyewe ni moja tu. Familia zinapata nakala za shaba, na ili jina liingie kwenye orodha lazima utumishi uthibitishwe. Hapo moto wa 1973 na majina ya karatasi vikarudi kudai chao. Nani alikuwa na cheti cha kutoka jeshini? Kwa askari wa vita ile hakikuwa DD 214, ambayo imeanza 1950, bali fomu ya WD AGO 53-55, na kama babu hakuihifadhi ilibidi kumjenga upya kwa vipande: hati ya malipo ya mwisho, taarifa za asubuhi za kikosi, orodha za askari wa kila mwezi, faili la VA ikiwa aliwahi kudai chochote, na faili la uhamiaji lililoko hifadhi ya San Bruno ambalo lingeonyesha kwamba Wong na Lee ni mtu mmoja. Ombi la kwanza linakwenda kwa Fomu ya Kawaida namba 180. Ikija jibu kwamba faili liliungua, unajaza NA 13055 kueleza kikosi, kambi na tarehe unazokumbuka. Unazokumbuka wewe, si babu. Babu kafa.

Waheshimiwa, yote hayo yalitokea kwa watu waliopigana katika vita iliyoandikwa sana kuliko zote. Sisi je?

Vijana wetu ni wengi jeshini kuliko mnavyodhani. Mpango wa MAVNI, ulioanzishwa mwishoni mwa 2008 na kuacha kupokea watu 2016, uliwaandikisha wageni wenye viza halali kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha sambamba na Kichina. Wengi walikwama kwenye uchunguzi wa usalama kwa miaka. Wengine wameingia kwa grini kadi, na wengi zaidi ni watoto waliokulia hapa. Na majina yetu ni mtihani kama ya Wachina. Mkenya ana majina matatu na ofisa wa uhamiaji wa kwanza kumpokea alichukua lolote kuwa la ukoo. Mtanzania jina lake la mwisho ni la babu. Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi kazaliwa tarehe 1 Januari, pamoja na mkewe na nusu ya kambi. Wapo wenye FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, mahali pa jina la kwanza, kana kwamba mama yao hakuwahi kuwaita. Makosa haya yakiingia kwenye faili la jeshi yanabaki humo hadi kwenye jiwe la kaburi.

Kwa hiyo meza ya karatasi inaanza na DD 214. Hii ni karatasi moja tu, na nusu ya maisha ya askari wa zamani inapita humo: mkopo wa nyumba, shule, matibabu, kazi ya serikali, maziko. Inatolewa kwa nakala kadhaa, na mbili zinamhusu yeye. Nakala Member-1 ni fupi. Sehemu ya chini imefutwa. Member-4 ndiyo ndefu, na ndiyo ofisi zinayoitaka, kwa sababu kisanduku 24 kinaonyesha ametoka kwa namna gani, 25 amri iliyomtoa, 26 na 27 zina misimbo, na 28 inaeleza sababu. Kijana hukabidhiwa siku ambayo akili yake iko kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Anaweka saini bila kusoma. Fundisheni asome hivi: kisanduku 1, jina, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security; kisanduku 12, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na miezi aliyokaa nje ya nchi; kisanduku 13, nishani zote; kisanduku 18, maelezo, ambamo maeneo ya vita na tarehe zake hupaswa kuandikwa. Kosa likionekana siku hiyo hurekebishwa dirishani. Likionekana baadaye, dogo linasahihishwa kwa DD 215; kubwa linakwenda kwenye Bodi ya Marekebisho kwa DD 149, ndani ya miaka mitatu tangu kugunduliwa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji. Anayetaka kubadilisha aina ya kutoka kwake hutumia DD 293 kabla miaka 15 haijapita. Waliokuwa Gadi ya Taifa wasishangae wakiambiwa hawana DD 214. Karatasi yao kwa miaka mingi imekuwa NGB 22, na DD 214 wanakuwa nayo kwa vipindi walivyoitwa kazini kwa muda mrefu.

Nakala tatu: moja kwenye kabati la meza, moja kwa mtu wa familia ambaye hakai nyumba moja naye, moja iliyoskaniwa. Kaunti nyingi huisajili bure, lakini ulizeni kwanza kama kumbukumbu hiyo itakuwa wazi kwa umma, kwani namba ya Social Security imo.

La pili ni matibabu, na hapa utamaduni wetu unatuponza. Mtoto wa kiume amelelewa na maneno mawili, jikaze kisabuni. Anaanguka na mzigo wa kilo 30 mgongoni, goti linavimba, anameza vidonge vya rafiki, haendi zamu ya wagonjwa asubuhi asije akaitwa mvivu. Miaka sita baadaye VA inataka vitu vitatu: ugonjwa uliopo leo ukiwa na cheti cha daktari, tukio lililotokea jeshini, na kauli ya mtaalamu inayounganisha hivyo viwili. Cha kwanza anacho. Cha pili hakikuandikwa popote. Madai yanakataliwa, yeye anadhani ni ubaguzi, kumbe ni ukurasa mtupu. Mara nyingine ukurasa huo unaweza kuzibwa: askari mwenzake aliyeshuhudia anaandika ushahidi kwenye fomu 21-10210, akitaja mahali, mwezi na alichokiona kwa macho yake. Ushahidi wa "namfahamu ni mtu mzuri" hausaidii kitu.

Aliye bado jeshini aambiwe mambo mawili. Achukue nakala ya faili lake lote la matibabu kabla ya kurudisha kadi yake ya CAC, kitambulisho cha jeshi, kwa sababu mlango wa mtandao wa jeshi hufungwa pamoja na kadi hiyo. Na madai yake anaweza kuyawasilisha VA siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka. Aliyekwisha kutoka ajaze kwanza 21-0966, ya kutangaza nia. Ni fupi, inachukua dakika chache, na inamshikia tarehe kwa mwaka mzima wakati anakusanya ushahidi wa kujaza fomu ya madai yenyewe, 21-526EZ. Akiwasilisha ndani ya mwaka wa kwanza tangu kutoka, malipo yanahesabiwa tangu siku iliyofuata kutoka kwake. Akiitwa kwenye uchunguzi wa daktari wa VA akakosa bila taarifa, madai huamuliwa bila huo uchunguzi, na mara nyingi huanguka. Simu ile huja kwa namba asiyoijua. Apokee.

Na kaeni macho na matapeli wa fedha. Kuna kampuni zinazojitangaza kwenye simu za vijana wetu, zinaahidi asilimia kubwa ya ulemavu, kisha zinadai mara tano ya nyongeza ya malipo ya mwezi. Kuandaa madai ya mara ya kwanza hakuna mtu anayeruhusiwa kutoza ada, na anayeyaandaa anatakiwa awe ametambuliwa na VA. Wakili au wakala aliyeidhinishwa hutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Ofisa wa maveterani wa kaunti hafanyi kwa pesa hata senti. Muulizeni kijana wenu leo kama anajua kaunti yake ina ofisa kama huyo.

Uraia nao una mitego. Kwa kuwa rais alitangaza kipindi cha vita kuanzia tarehe 11 Septemba 2001, na hakijafungwa, aliyetumikia kwa heshima anaweza kuomba bila ada kwa N-400, fomu ya maombi ya uraia, pamoja na N-426, ya utumishi wake, ambayo jeshi lenyewe linathibitisha. Saini ya uthibitisho isizidi miezi sita siku ya kuwasilisha. Fomu nyingi hurudishwa kwa hilo tu, baada ya kulala mezani kwa ofisa wa kikosi. Aliyetoka tayari huambatanisha DD 214 ndefu. Wanachosahau kuwaambia ni kwamba uraia uliopatikana kwa njia hii unaweza kuvuliwa ikiwa mtu ametolewa jeshini kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na aliyeahirisha ombi kwa kuwa "nipo tu, wataniweka wapi" akipatwa na kesi ya jinai baadaye anaweza kurudishwa alikozaliwa, magwanda yake yakiwa yametundikwa kabatini.

Bima, alikofanyia kazi Lee baada ya vita, ndiyo karatasi inayogombanisha familia zetu kuliko nyingine zote. SGLI, bima ya maisha ya wanajeshi, inafika dola 500,000 tangu Machi 2023. Mrithi ni yule aliyeandikwa kwenye fomu, hata kama ni mchumba wa mwaka juzi. Akioa leo, kesho abadilishe. Pamoja nayo ni DD 93, ya watu wa kujulishwa akipatwa na jambo. Tumeona humo namba za simu za Kitale na Bukavu zilizokosa tarakimu za nchi, na nyingine za laini zilizokwisha kufa. Ofisa hatapiga ramli. Ndoa ya kimila au ya msikitini isiyo na cheti cha serikali haisajiliwi, na cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Akitoka jeshini, SGLI inaendelea siku 120 bila malipo. Kuhamia VGLI, bima ya maisha ya waliotoka jeshini, ndani ya siku 240 hakuna maswali ya afya. Baada ya hapo maswali yanaanza, na mwenye mgongo mbovu anajua majibu yake.

Jambo moja tulifikiria kuliacha, kwa kuwa ni zito, lakini Wachina hawakuliacha. Oktoba 2011 askari Danny Chen, mtoto wa Chinatown ya New York mwenye miaka 19, alikufa kwenye kituo kidogo Kandahar baada ya kuteswa na kutukanwa kwa asili yake na wenzake. Askari wanane walishtakiwa. Tawi la New York la OCA, shirika la kutetea Wamarekani wenye asili ya Asia, lilikwenda na wazazi wasiojua Kiingereza hadi kwa wakuu wa jeshi, likadai majibu na kesi isikilizwe hapa nchini. Leo kipande cha Elizabeth Street kinaitwa kwa jina lake. Wazazi wale walikuwa na mtu wa kuketi kando yao chumbani. Kina mama wetu wangekuwa na nani?

Meza yenyewe si ghali. Chumba cha kanisa au msikiti kwa saa nne, Jumamosi mbili za mwezi. Kabati la chuma lenye kufuli, skana, printa, na shreda, kwa maana karatasi zenye namba za watu hazitupwi kwenye pipa. Watu wawili wapate kutambuliwa na VA: ama kupitia chama cha maveterani kinachokubalika, ambacho huwafundisha na kuwasajili, ama wao wenyewe kama mawakala, kwa fomu 21a na mtihani wa maswali 25 ambao alama ya kupita ni asilimia 75. Mpaka wapate, wanaruhusiwa kumsindikiza mtu na kumtafsiria, si kumwandalia madai. Anayesaidia akiwa ametambuliwa hupewa mamlaka kwa fomu 21-22 ikiwa yuko chini ya chama, au 21-22a ikiwa ni wakala. Mkitaka posti ya American Legion kama Kimlau, ni kuanzia wanachama 15, na majimbo mengine hutaka zaidi. Tangu Julai 2019 aliyetumikia hata siku moja ya kazi kamili tangu tarehe 7 Desemba 1941 anastahili kujiunga, kwa hiyo hata wale waliotumikia wakati ambao hapakuwa na vita wamo. Wanawake wasiachwe kwenye kuandaa chai. Ni askari wa zamani kama wengine, na kwenye meza tulizoziona ndio wanaosoma hadi mstari wa mwisho.

Msianze na sherehe ya uzinduzi. Anzeni na orodha: jina kama lilivyo kwenye kadi, jina linaloitwa nyumbani, tawi la jeshi, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na DD 214 iko wapi. Anayesema ameipoteza ajaziwe ombi siku hiyohiyo. Aliyefariki naye aandikwe, kwa kuwa mjane anaweza kudai jiwe la kaburi kwa fomu 40-1330 na bendera kwa 27-2008 hata kama maziko yamepita. Na wazee walio hai wajaziwe mapema 40-10007, ya kuthibitisha haki ya kuzikwa makaburi ya maveterani, ili ikitokea msiba usiku wa Ijumaa, watu wasipekue magodoro kutafuta cheti huku maiti ikisubiri.

Tunaomba mtujibu kabla ya mkutano mkuu wa jumuiya ujao, kwa mambo matatu tu: chumba gani, siku gani, na ufunguo wa kabati atashika nani.